Dawa za Usingizi na Kufa kwa Tishu: Historia ya Thiopentali, Temazepamu na Promethazini, 1934–2009

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kihistoria uhusiano baina ya dawa za kutuliza na kuleta usingizi na kufa kwa tishu za mwili. Katika vitabu vingi vya tiba uhusiano huu hutajwa kwa mistari michache tu, kama ajali ya sindano iliyokosea mshipa. Makala yanaonesha kwamba ajali hizo zina historia yenye mpangilio, na kwamba kila kipindi kiliacha funzo ambalo kipindi kilichofuata hakikulizingatia ipasavyo. Mifano mitatu imechambuliwa: thiopentali katika vyumba vya upasuaji vya Uingereza, temazepamu katika mitaa ya Glasgow, na promethazini katika kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa dawa wa kulaza mtu kwa kawaida sio unaoua tishu moja kwa moja. Kinachoua ni umbo la dawa, kimiminika kinachoibeba, mshipa inamoingia, na muda ambao mwili uliolazwa hukaa bila kugeuzwa. Kwa hiyo, sera inayodhibiti jina la dawa bila kuangalia umbo na njia ya matumizi yake inaweza kuhamisha madhara badala ya kuyapunguza.

Istilahi za msingi: babiturati, benzodiazepini, ateri, gangrini, umbo la dawa, sera ya dawa

1.0 Utangulizi

Tiba ya karne ya 20 ilitegemea makundi mawili makubwa ya dawa za kutuliza na kuleta usingizi. Kundi la kwanza ni babiturati. Asidi iliyo mzizi wa kundi hilo iliundwa na mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer mwaka 1864, lakini ilipita takriban miaka arobaini kabla ya Emil Fischer na Joseph von Mering kutangaza, mwaka 1903, kampaundi ya kwanza ya jamii hiyo yenye uwezo wa kumlaza mtu. Kundi la pili ni benzodiazepini, lililotokana na kazi ya Leo Sternbach katika maabara ya kampuni ya Hoffmann-La Roche huko New Jersey, Marekani. Klodiazepoksidi iliingia sokoni mwaka 1960 kwa jina la Librium, na diazepamu ikafuata mwaka 1963 kwa jina la Valium. Kundi hili la pili lilipokewa kwa shangwe, kwa kuwa kipimo kikubwa cha babiturati huzima upumuaji, ilhali benzodiazepini ikimezwa peke yake ni nadra kuua.

Sifa hiyo ya usalama ndiyo inayoipa historia hii uzito wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa upasuaji wa mishipa nchini Scotland walianza kupokea vijana wenye miguu iliyopoa, mikono iliyovimba na vidole vilivyokuwa vikigeuka rangi kuelekea weusi. Wengi wao walikuwa wametumia dawa ya usingizi ya kundi lile lile lililosifiwa kwa usalama. Baadhi walipoteza vidole, na wengine walikatwa mguu au mkono. Swali linaloongoza makala haya ni hili: dawa iliyokusudiwa kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi iliwezaje kuua nyama ya mwili?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa famakolojia peke yake. Linahitaji kufuatwa katika wakati, kuanzia chumba cha upasuaji cha miaka ya 1930 hadi ofisi za wadhibiti wa dawa mwishoni mwa karne. Makala yanaanza kwa kufafanua njia ambazo tishu hufa, kisha yanapitia mifano mitatu kwa mfuatano, na kumalizia kwa mjadala wa sera.

2.0 Njia za Kufa kwa Tishu

Tishu hufa inapokosa damu kwa muda unaozidi uvumilivu wake, au inapoguswa na kemikali inayoharibu seli moja kwa moja. Kiungo kikikosa damu hadi kikafa, hali hiyo huitwa gangrini. Dawa za kutuliza zinaweza kufikisha mwili huko kwa njia tatu, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu kila moja ina kinga yake.

Njia ya kwanza ni ateri. Mtu anapodungwa katika vena, dawa huelekea kwenye moyo. Mishipa inayopita huzidi kuwa mipana, na damu inayojiunga njiani huipunguza makali dawa hiyo. Katika ateri hali ni kinyume kabisa. Dawa husukumwa kutoka mshipa mpana kwenda mwembamba, kisha mwembamba zaidi, mpaka kapilari za vidole, bila kukutana na damu mpya ya kuichanganya. Chembe ndogo ambayo katika vena ingeyeyuka au kupita bila kutambuliwa, katika ateri huziba mlango wa mwisho wa damu. Juu ya hayo, utando wa ndani wa mshipa hujeruhiwa, damu huganda juu ya jeraha, na mshipa hujikunja.

Njia ya pili ni kuvuja. Baadhi ya dawa za sindano zina ukali wa asidi au wa alkali, au hubebwa na vimiminika vinavyochoma. Zikitoka nje ya vena na kumwagika katika nyama, huua tishu za pale pale na kuacha kidonda.

Njia ya tatu haihitaji sindano hata kidogo. Mtu aliyemeza kipimo kikubwa hulala usingizi mzito na hubaki kwa saa nyingi katika mkao mmoja, pengine ameulalia mkono wake mwenyewe. Uzito wa mwili huibana misuli na kuikatia damu. Misuli ikifa humwaga mayoglobini katika damu, nayo huharibu figo. Maelezo ya kina ya hali hii hayakutoka kwa wagonjwa wa dawa. Yalitoka London wakati wa mashambulizi ya anga ya Vita Kuu ya Pili, pale Eric Bywaters na Desmond Beall walipochapisha, mwaka 1941, taarifa za watu waliofukuliwa kutoka chini ya vifusi vya nyumba, wakaonekana wako salama, kisha wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa kufanya kazi. Katika miongo iliyofuata, madaktari waliona picha hiyo hiyo kwa watu waliopatikana wamezimia kwa dawa za usingizi. Hapa hakukuwa na kifusi. Uzito wa mwili wa mgonjwa mwenyewe ndio uliokuwa kifusi chake. Baadhi ya wagonjwa wa babiturati walipata pia malengelenge kwenye ngozi iliyogandamizwa, na uchunguzi wa darubini ukaonesha kufa kwa seli za tezi za jasho.

Katika njia hizi tatu, usingizi wenyewe unahusika moja kwa moja katika ile ya tatu tu. Katika mbili za kwanza kinachohusika ni kemia na mahali. Tofauti hii ndiyo iliyopotea mara kwa mara katika historia inayofuata.

3.0 Thiopentali: Kosa la Sentimita Moja

Thiopentali ni babiturati iliyoundwa na Ernest Volwiler na Donalee Tabern wa kampuni ya Abbott nchini Marekani. Mgonjwa wa kwanza alipewa dawa hiyo na Ralph Waters huko Madison, Wisconsin, mwezi Machi 1934. Miezi michache baadaye John Lundy wa Mayo Clinic alianza kuitumia kwa mpangilio. Mafanikio yake yalikuwa ya haraka. Mgonjwa ambaye hapo awali alilazimika kufunikwa uso na kuvutishwa etha huku akipambana, sasa alipoteza fahamu ndani ya nusu dakika baada ya sindano moja ya mkononi. Kwa miongo kadhaa thiopentali ikawa ndiyo mlango wa nusukaputi karibu duniani kote.

Ili iyeyuke katika maji, thiopentali huandaliwa kama chumvi ya sodiamu. Mmumunyo wake una alkali kali, wenye pH inayozidi 10, wakati pH ya damu ni takriban 7.4. Mwanzoni ilitumika kwa ukolezi wa asilimia 5, na hata 10. Mahali palipozoeleka kwa sindano palikuwa mbele ya kiwiko, ambako vena ni kubwa na huonekana wazi. Lakini mahali hapo hapo ateri kuu ya mkono hupita kwa kina kidogo chini ya vena, na kwa baadhi ya watu tawi lake moja hupita juu kabisa, chini ya ngozi tu, ambako ni rahisi kulidhania kuwa vena. Umbali kati ya sindano salama na sindano ya hatari ulikuwa chini ya sentimita moja.

Mwaka 1943, Robert Macintosh, profesa wa nusukaputi wa Oxford, pamoja na Heyworth, walichapisha katika jarida la Lancet taarifa kuhusu thiopentali iliyoingia katika ateri. Mwaka 1948, katika jarida hilo hilo, S. M. Cohen alikusanya visa vya aina hiyo na kuviweka mbele ya taaluma nzima. Dalili zilifanana: mgonjwa alilalamika maumivu makali yenye kuunguza kuelekea mkononi, ngozi ikapauka, mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono yakadhoofika au yakapotea. Kwa baadhi yao mkono ulirejea hali yake. Kwa wengine gangrini ilifuata, na mtu aliyeingia hospitali kwa ajili ya upasuaji mdogo akatoka bila vidole.

Maelezo ya awali yalielemea upande wa mkazo wa mshipa: ateri imekasirishwa, ikajikunja, na damu ikakatika. Tiba zikafuata maelezo hayo, yaani dawa za kulegeza mishipa na kuzima neva zinazoibana. Utafiti wa miaka ya 1950 na 1960 ulibadili picha. Ilibainika kwamba mmumunyo wa alkali ukichanganyika na damu hupoteza uwezo wake wa kubaki mmumunyo, na thiopentali hugeuka fuwele ndogo. Katika vena fuwele hizo huchanganyika na damu nyingi na kuyeyuka. Katika ateri husukumwa mpaka mwisho wa mishipa, huziba, hujeruhi utando na kuanzisha kuganda kwa damu. Mkazo wa mshipa ulikuwepo, lakini haukuwa kisa kizima.

Umuhimu wa ugunduzi huo kwa historia hii ni kwamba ulielekeza kinga mahali panapostahili. Ikiwa tatizo ni wingi wa dawa katika kila mililita, basi ukolezi upunguzwe, asilimia 2.5 ikawa kawaida mahali pa asilimia 5, na visa vya kupoteza viungo vikapungua. Ikiwa tatizo ni mahali, basi sindano ihamishiwe mgongo wa kiganja, ambako ateri kubwa haziko karibu. Ikiwa tatizo ni haraka, basi daktari adunge mililita chache kwanza, asubiri, na amuulize mgonjwa kama anasikia maumivu. Na ikiwa kosa limeshatokea, sindano isichomolewe, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki ya kupeleka dawa ya kuokoa mahali penye madhara. Mambo haya manne hayakuhitaji dawa mpya. Yalihitaji kujua kwamba hatari haikutokana na usingizi, bali na kemia ya mmumunyo na ramani ya mkono.

4.0 Temazepamu: Tiba Iliyozaa Madhara

4.1 Kimiminika na vimumunyishi

Benzodiazepini zilipochukua nafasi ya babiturati, tatizo la umumunyifu halikuondoka. Diazepamu haiyeyuki vizuri katika maji. Sindano yake ya awali ilibebwa na propilini glikoli na alkoholi, mchanganyiko unaochoma vena na mara nyingi kuiacha imevimba na kuganda damu. Baadaye diazepamu ilipotengenezwa katika hali ya mafuta yaliyosagikia ndani ya maji, usumbufu huo ulipungua sana. Midazolamu, iliyoundwa katika maabara za Roche katikati ya miaka ya 1970, huyeyuka katika maji yenye asidi kidogo, na haikuhitaji vimumunyishi hivyo. Dawa mbili za kundi moja, zinazofanya kazi kwa njia moja katika ubongo, zikawa na tabia tofauti kabisa katika mshipa. Ushahidi huu ulikuwa wazi kwa madaktari wa hospitali. Hata hivyo, haukuvuka kuta za hospitali.

4.2 Kapsuli za Glasgow

Temazepamu ilikuwa dawa ya usingizi iliyoandikwa kwa wingi nchini Uingereza katika miaka ya 1980. Ilitolewa katika kapsuli laini za jelatini zenye kimiminika ndani. Ilikusudiwa kumezwa. Lakini kimiminika kilichofungwa ndani ya kapsuli laini ni rahisi kuvutwa kwa bomba la sindano, na watu waliokuwa wakijidunga dawa za kulevya waligundua hivyo mapema. Huko Glasgow, matumizi hayo yalienea hasa pamoja na buprenofini, wakati ambapo heroini ilikuwa haipatikani kwa urahisi au haikuwa na nguvu. Mazingira yake yanafahamika: jiji lililopoteza viwanda vya meli na vyuma, mitaa ya nyumba za manispaa yenye ukosefu mkubwa wa ajira, na kabati za dawa nyumbani zenye vidonge vilivyoandikwa kihalali kwa mama au bibi asiyepata usingizi.

Wadhibiti na watengenezaji walichukua hatua. Mwaka 1989 kimiminika kilibadilishwa kikawa jeli ngumu. Hoja ilikuwa rahisi na kwa mtazamo wa kwanza haina dosari: kisichovutika kwa bomba hakidungwi. Hakuna dalili kwamba waliochukua uamuzi huo walikuwa na nia nyingine isipokuwa kuzuia madhara.

Kilichofuata kilikuwa kinyume cha matarajio. Watumiaji waliipasha moto jeli, au waliichanganya na maji ya moto, mpaka ikalainika, kisha wakaidunga kabla haijapoa. Mtaani kapsuli hizo zilipewa jina lililotokana na ulaini wake wa jeli, jina ambalo baadaye lilijulikana hata bungeni. Mishipa ya mikono ilipochakaa, watu walihamia kinena. Huko ateri ya paja hupita bega kwa bega na vena yake, na mtu anayejidunga katika mwanga hafifu, akiwa tayari amelewa, hana namna ya kuitofautisha ila kwa kuchelewa.

Kuanzia mwaka 1991 na 1992, majarida ya Lancet na BMJ yalichapisha taarifa za madaktari wa upasuaji wa Uingereza, wakiwemo wa Glasgow, kuhusu viungo vilivyokosa damu baada ya temazepamu kudungwa katika ateri. Taarifa hizo zilieleza maumivu ya ghafla, uvimbe mkubwa wa misuli, madoa ya zambarau kwenye ngozi, na mara nyingi figo zilizoathiriwa na mayoglobini. Matibabu yalikuwa ya kukata tamaa kiasi: kuzuia damu isigande, kupasua ngozi na utando wa misuli ili kupunguza mbano, na hatimaye kukata kilichokufa. Operesheni ya kuondoa bonge la damu, ambayo huokoa mguu wa mzee mwenye ugonjwa wa moyo, haikusaidia sana hapa, kwa kuwa kizuizi hakikuwa katika ateri kubwa. Kilikuwa kimetawanyika katika maelfu ya mishipa midogo isiyofikiwa na chombo chochote.

4.3 Maelezo ya mtaani na maelezo ya maabara

Umma ulielezwa kwamba jeli hupoa na kuganda upya ndani ya mshipa, kama mafuta yanavyoganda katika sufuria asubuhi. Picha hiyo ina nguvu na haikosi ukweli. Hata hivyo, kwa mwanahistoria, imeficha nusu ya jambo. Temazepamu yenyewe haimumunyiki vizuri katika damu, na vitu vya kuibebea, hasa vya jamii ya polietilini glikoli, vinaweza kuujeruhi utando wa mshipa hata visipoganda. Visa vya viungo kukosa damu vimeripotiwa pia kwa benzodiazepini nyingine ambazo hazikuwa na jeli, zikiwemo vidonge vilivyosagwa vyenye unga wa talki au wanga. Aidha, mtu aliyejidunga temazepamu hupoteza uangalifu na hisia ya maumivu, hivyo huweza kuulalia mguu ambao tayari umekosa damu. Hapo njia ya kwanza na ya tatu zilizotajwa katika sehemu ya 2.0 hukutana katika mwili mmoja, na usingizi unakuwa mshirika wa kemia.

Tofauti ya maelezo haya si ya kitaaluma tu. Kama tatizo lingekuwa jeli peke yake, kuiondoa kungetosha. Kama tatizo ni dawa isiyoyeyuka inayodungwa na mtu aliyekosa vena, kuondoa jeli ni hatua ya kwanza tu. Waliougua walijua jambo jingine ambalo madaktari walilijua kwa kuchelewa: wengi walikaa nyumbani kwa saa nyingi, wakiogopa lawama au polisi, wakati kila saa ilikuwa inapunguza sehemu ya mguu inayoweza kuokolewa. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini katika suala hili aliyeficha alikuwa na sababu ya kuogopa, na sababu hiyo ilijengwa na taasisi zile zile zilizotakiwa kumpokea.

4.4 Hatua ya 1996

Mwaka 1996 kapsuli za jeli ziliondolewa katika dawa zinazoweza kuandikwa kwa gharama ya huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza, na temazepamu ikawekwa chini ya udhibiti mkali zaidi wa kisheria. Visa vya gangrini vilivyohusishwa na jeli vilipungua. Kwa upande huo hatua ilifaulu, na ni haki isemwe hivyo. Lakini uhitaji wa dawa za kundi hilo haukuisha. Benzodiazepini zilizotengenezwa kiholela na kuuzwa mtaani zilichukua nafasi, na mwaka 2020, Scotland iliposajili vifo 1,339 vitokanavyo na matumizi mabaya ya dawa, benzodiazepini zilihusishwa na takriban robo tatu ya vifo hivyo. Gangrini ilikuwa imepungua, lakini usalama wa watu waliotumia dawa hizo haukuwa umeongezeka.

5.0 Promethazini: Onyo Lililochelewa

Mfano wa tatu unatoka nje ya makundi mawili yaliyotangulia na umeletwa kwa ulinganisho. Promethazini ni dawa ya jamii ya fenothiazini, inayozuia mzio, kutapika na kichefuchefu, na huleta usingizi. Imetumika Marekani tangu miaka ya 1950, na inafahamika sana Afrika Mashariki. Sindano yake ina ukali wa asidi, na ikiingia katika ateri au ikivuja huweza kuua tishu.

Mwezi Aprili 2000, mwanamuziki Diana Levine wa Vermont alipewa dawa hiyo kwa kusukumwa moja kwa moja mkononi kwa sindano, baada ya kipandauso na kichefuchefu. Dawa ilifika katika ateri. Gangrini ikafuata, akakatwa kiganja cha mkono wa kulia, kisha mkono hadi karibu na kiwiko. Alipoushitaki watengenezaji, Wyeth, hoja yake haikuwa kwamba hatari haikutajwa. Ilikuwa imetajwa. Hoja ilikuwa kwamba maelezo ya dawa yaliruhusu njia hiyo ya kudunga ilhali zilikuwepo njia salama zaidi, yaani sindano ya misuli au dripu inayopita polepole. Ilibainika mahakamani kwamba angalau visa 20 vya gangrini na kukatwa kiungo vilikuwa vimetokea kabla yake. Baraza la wazee wa mahakama lilikadiria fidia ya jumla ya dola milioni 7.4.

Tarehe 4 Machi 2009, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba idhini ya mamlaka ya dawa kwa maelezo yaliyopo haimwondolei mtengenezaji wajibu wa kuyaimarisha pale ushahidi mpya unapojitokeza. Mwezi Septemba mwaka huo, mamlaka iliagiza onyo kali liwekwe mwanzoni mwa maelezo ya sindano ya promethazini kuhusu kuharibika kwa tishu na gangrini.

Ukilinganisha tarehe, jambo moja linajitokeza. Mwaka 1948 taaluma ya tiba ilikwisha kujua kwamba dawa ya kulaza ikiingia katika ateri huweza kuua mkono. Miaka hamsini na miwili baadaye, mkono mwingine ulipotea kwa sababu ya aina ile ile, kwa dawa nyingine. Ujuzi ulihifadhiwa chini ya jina la thiopentali, na uliposahaulika thiopentali, nao ulisahaulika.

6.0 Mjadala: Mafunzo kwa Sera

Mifano hii mitatu inatofautiana kwa nchi, kwa wagonjwa na kwa dawa, lakini inakubaliana katika mambo matatu.

Kwanza, hatari ilikuwa katika umbo na njia, lakini mfumo wa udhibiti ulipangwa kwa majina. Dawa husajiliwa kwa jina, huorodheshwa kwa jina na hupigwa marufuku kwa jina. Taarifa za madhara pia hukusanywa kwa jina. Kwa mpangilio huo, madhara yanayofanana ya dawa tano tofauti huonekana kama matukio matano ya nadra, wakati kwa hakika ni tatizo moja.

Pili, badiliko la umbo la dawa ni uamuzi wa afya ya jamii, si la kiwandani tu. Thiopentali ilibadilishwa ukolezi baada ya utafiti kueleza jinsi madhara yanavyotokea, na badiliko likafaulu. Temazepamu ilibadilishwa umbo kwa kudhani watumiaji wataacha, na badiliko likadhuru. Tofauti ya matukio hayo mawili haikuwa nia njema, kwa kuwa nia njema ilikuwepo kote. Katika tukio la pili hakuna aliyetafuta kujua kwanza watu wanaojidunga wangefanya nini na jeli hiyo.

Tatu, muda ndio unaoamua kiungo kitaokolewa au la. Katika chumba cha upasuaji daktari alikuwepo pale pale. Mtaani, muda ulipotea kwa hofu. Huduma isiyomhukumu mgonjwa ni sehemu ya tiba ya mishipa, kama ilivyo dawa ya kuzuia damu isigande.

Mambo haya yanagusa ukanda huu kwa namna mahususi. Miji ya mwambao wa Afrika Mashariki imeshuhudia kujidunga heroini kwa zaidi ya miongo miwili, na matumizi ya benzodiazepini kando ya heroini yanajulikana. Flunitrazepamu imepata hata jina lake la mtaani Mombasa, bugizi. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na huduma za aina hiyo zimefunguliwa baadaye Zanzibar na Kenya. Vituo hivyo ndivyo vinavyoweza kuona mapema badiliko la namna dawa zinavyotumika, kabla halijafika wodi ya upasuaji. Inapasa mamlaka za dawa za nchi jirani zipokee taarifa kutoka huko, na zipeane, kwa sababu kidonge kinachobadilishwa umbo upande mmoja wa mpaka hufika upande wa pili bila maelezo yake. Vilevile, katika zahanati ambako sindano ya promethazini au diazepamu hutolewa na muuguzi mmoja aliyezidiwa na foleni, mafunzo ya miaka ya 1940 bado ni ya leo: kuepuka mbele ya kiwiko, kudunga polepole, kumsikiliza mgonjwa anaposema inaunguza, na kusimama hapo hapo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uhusiano kati ya dawa za kutuliza na kufa kwa tishu ni wa kweli, lakini haupo pale unapodhaniwa. Si utulivu unaoua nyama, isipokuwa pale unapomlaza mtu muda mrefu juu ya kiungo chake. Kwa sehemu kubwa madhara yametokana na fuwele, vimumunyishi, asidi, alkali na ateri iliyodhaniwa kuwa vena. Taaluma ya nusukaputi ililijua hilo tangu katikati ya karne ya 20 na ikapata kinga rahisi. Ujuzi huo haukuwafikia kwa wakati waliobadilisha kapsuli mwaka 1989, wala walioandika maelezo ya promethazini. Inapendekezwa kwamba mamlaka za dawa za ukanda huu zitathmini kila badiliko la umbo la dawa ya kutuliza kwa kuhusisha wafamasia, madaktari wa upasuaji na watoa huduma kwa watu wanaojidunga, kabla ya badiliko kuidhinishwa. Aidha, madhara ya sindano yasajiliwe kwa kutaja njia ya kudunga na kimiminika kilichotumika, sambamba na jina la dawa.